UZI: Constantia, shamba la mlowezi lililomnywesha Napoleon, likafa, likafufuka (na watu wasioandikwa kwenye chupa)

#1 Mosha Vyombo

Wakuu, habari za Jumapili.

Niliishi Cape Town miaka sita. Mitatu ya mwanzo nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja wa kitajiri, jina naliacha maana mpaka leo wananidai salamu na mimi nawadai nusu mwezi. Usiku mmoja meza ya watu wanne iliagiza kichupa kifupi, mabega mapana, nusu lita tu. Mhudumu mmoja Mkongo akarudi nacho jikoni kimebaki kama kidole kimoja chini. Akaniambia, "Ndugu, onja. Hii bei yake ni wiki yako nzima."

Nikamimina kwenye kikombe cha chai. Ganda la chungwa lililochemshwa na sukari, asali, halafu mwisho uchachu fulani unaokuambia hii si juisi, tulia. Kichupa nikakitia kwenye begi. Kilikuwa kimeandikwa Vin de Constance, yaani mvinyo wa Constantia.

Tangu siku hiyo nimeifuatilia hii habari kama mtu anayefuatilia kesi ya shamba la urithi. Kila nilichokuwa nasimuliwa kuhusu mvinyo wa Cape ni hadithi ya wazungu na jitihada zao. Nilipochimba nikakuta mambo hayako hivyo. Nitashusha kidogo kidogo, simu yangu haina chaji.

#2 Kisiki cha Mpingo

Nimeweka kiti mbele. Tiririka mkuu.

#3 Mosha Vyombo

SEHEMU YA KWANZA.

1652 Jan van Riebeeck anatua Cape kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, wenyewe wakiita VOC. Hawakuja kuanzisha nchi. Walitaka kituo cha meli: maji, mboga na nyama, maana safari ya kutoka Uholanzi hadi Batavia (Jakarta ya leo) ilikuwa inaua mabaharia kwa kiseyeye. 1655 wakapanda mizabibu ya kwanza. Tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck akaandika kwenye shajara yake kwamba Mungu ashukuriwe, leo zabibu za Cape zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza. Inasemekana wenyewe walikuwa wanakunja uso wakiunywa.

1679 anakuja mkuu mpya, Simon van der Stel, baadaye akawa gavana. Huyu alijua mvinyo. 1685 akapewa ardhi nyuma ya Mlima wa Meza, upande unaotazama False Bay, karibu hekta 763. Mteremko, udongo wa miamba ya matale iliyooza, upepo baridi wa bahari mchana wakati kwingine kunaungua. Akapaita Constantia. Watu wanabishana mpaka leo jina alilitoa wapi.

Sasa shikeni hapa. Van der Stel, baba wa kilimo cha mvinyo cha walowezi, bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa Goa, India, akiitwa Monica. Yaani makaburu wa 1950 na sheria yao ya kusajili rangi wangemsimamisha foleni wakampima nywele kwa penseli (ikinasa, wewe si mweupe). Mji wa Stellenbosch umebeba jina lake, Simon's Town limebeba jina lake, na walioabudu hayo majina ndio waliotunga sheria ambayo ingemsumbua.

#4 Zebaki

Mkuu punguza chumvi. Mtu mwenye bibi mmoja Mhindi bado ni Mholanzi. Alitawala kama Mholanzi, aligawa ardhi ya Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa Cape, kama Mholanzi.

#5 Mosha Vyombo

@Zebaki hapo umenikamata na nakubali. Ardhi ilikuwa malisho ya Wakhoikhoi, na walikuwa wameshapigana vita na Waholanzi kwa ajili hiyohiyo mapema, 1659, mwaka uleule wa mvinyo wa kwanza. Sisemi van der Stel alikuwa ndugu yetu. Nasema hadithi waliyoiandika kwenye lebo wameisafisha. Subiri sehemu ya pili, huyu bibi wa Goa ni mwanzo tu.

#6 Mosha Vyombo

SEHEMU YA PILI. Hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Van der Stel anafariki 1712. Shamba likakatwa vipande vitatu: Groot Constantia, Klein Constantia na Bergvliet.

Groot Constantia, ile yenye nyumba kubwa, ikanunuliwa 1716 na Oloff Bergh, kapteni wa asili ya Uswidi. Alipofariki 1724 ikabaki mikononi mwa mkewe, Anna de Koningh. Mama yake Anna alikuwa mtumwa kutoka Bengal, kwenye kumbukumbu anaitwa Angela van Bengalen. Anna mwenyewe alizaliwa utumwani, akaachwa huru pamoja na mama yake 1666 akiwa mtoto. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kulala kwenye kitanda cha gavana na kumiliki shamba la gavana mpaka alipofariki 1734.

Na kumiliki kulikuwa kumiliki kweli, maana naye alikuwa na watumwa wake. Historia haina adabu.

Kipande cha pili, Klein Constantia ya zamani, kikaangukia kwa Johannes Colijn kwa njia ya ndoa. Huyu ndiye aliyeanza kuutoa mvinyo wa Constantia kama bidhaa ya kueleweka, mwekundu na mweupe, ukipelekwa Ulaya kwa jina la shamba. Wakati huo mvinyo mwingi wa Cape ulikuwa unauzwa kama mvinyo tu, wa Cape basi. Wa Colijn ulikuwa na anwani.

Mama yake Colijn alikuwa Maria Evert. Mjini walimwita Swarte Maria, Maria Mweusi. Wazazi wake waliletwa Cape kwa meli ya watumwa kutoka pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, 1658.

Someni tena taratibu. Chapa ya kwanza ya mvinyo wa Afrika Kusini kujulikana duniani ilisukumwa na mtoto wa mwanamke mweusi.

#7 Kisiki cha Mpingo

😳 Hii mbona hawaiweki kwenye matangazo?

#8 Mama Chanja

Mosha Vyombo mwanangu, unaandika vizuri, ila naomba weka aya fupi, sisi wengine macho yameenda.

#9 Mosha Vyombo

Shikamoo mama. Nitajitahidi.

SEHEMU YA TATU, enzi ya Cloete.

Desemba 1778 Groot Constantia ikanunuliwa na Hendrik Cloete. Ukoo wake ulikaa pale zaidi ya miaka mia moja na wao ndio waliopandisha jina mpaka likafika kwa wafalme.

Mvinyo wenyewe ulikuwa mtamu. Zabibu za jamii ya muskati ziliachwa kwenye mti zaidi ya muda wake mpaka zinaanza kusinyaa, maji yanapungua, sukari inabaki. Ndiyo maana ukikamua unapata kidogo sana. Kazi ya kuchagua chembe iliyosinyaa vizuri na kuacha iliyooza ni ya mikono, jua la Machi likiwa mgongoni.

Nilienda pale siku yangu ya mapumziko. Nyuma ya nyumba kuna ghala la mapipa alilojenga Cloete, limeandikwa 1791. Juu ya mlango kuna mchongo wa Anton Anreith, mchongaji Mjerumani: Ganimede, mnyweshaji wa miungu ya Kigiriki, yuko na tai, pembeni vitoto vinene vya mbawa vinacheza. Nilisimama nikauangalia muda mrefu. Vitoto vimeshiba. Chini yake, kwenye huo mlango mpana, ndipo mapipa yalipokuwa yanabingirishwa na watu ambao hakuna aliyewachonga.

Cloete naye alikuwa na kilio chake. Kampuni ilikuwa inamlazimisha kuiuzia mapipa kadhaa kila mwaka kwa bei iliyoipanga yenyewe, halafu inaenda kuyauza Amsterdam kwa bei ya mnada. Wakulima wa korosho na kahawa humu ndani mnaujua huu mchezo.

#10 Mtu wa Hombolo

Tunaujua sana. Endelea, nitakuja na la zabibu zetu.

#11 Bint Mkunazini

Mimi nina swali. Hao watumwa wa kwenye mashamba ya Cape walitoka wapi hasa? Maana siku zote tunasikia ya Oman na visiwa vya Ufaransa, Cape haitajwi.

#12 Mosha Vyombo

Dada, swali zuri kuliko uzi wenyewe.

Kati ya 1652 na 1808 waliletwa Cape watu takriban 63,000. Ukigawa kwa juujuu, robo Madagaska, robo India, robo visiwa vya Indonesia, robo bara la Afrika. Kadiri karne ya kumi na nane ilivyoelekea mwisho, wa Msumbiji wakazidi, mpaka Cape wakawa wanaitwa Mosbiekers.

Na pwani yetu imo. Kati ya 1776 na 1778 meli za VOC zilipanda kutoka Cape hadi pwani ya Waswahili, Unguja ikiwemo, kununua watu. Shajara za safari hizo zipo na zimechapishwa. Angalia miaka: Cloete ananunua Constantia mwisho wa 1778. Siwezi kusema mtu fulani wa Unguja alifika kwenye shamba lake. Ila soko alilonunua wafanyakazi ndilo hilo.

#13 Bint Mkunazini

Subhanallah. Nimekaa kimya kidogo hapa.

#14 Mosha Vyombo

SEHEMU YA NNE, umaarufu.

1795 Waingereza wanaichukua Cape, wanairudisha 1803, wanaichukua moja kwa moja 1806. Wakiwa vitani na Napoleon, mvinyo wa Ufaransa ukawa tabu kupatikana London. 1813 wakapunguza ushuru wa mvinyo wa Cape. Wakulima wakapanda mizabibu kama hawana akili. Mvinyo mwingi uliotoka huko ulikuwa wa hovyo, lakini Constantia ukabaki juu ukinywewa kwa glasi ndogo.

Jane Austen, mwandishi Mwingereza, aliuingiza kwenye riwaya yake ya 1811: mama mmoja anauleta eti unatuliza moyo wa binti aliyeachwa na mchumba, na kwamba marehemu mumewe aliunywa kwa ajili ya jongo. Tangazo la bure, na halijapitwa na muda mpaka leo.

Napoleon akashindwa, akapelekwa kufungwa kisiwa cha Saint Helena 1815. Meli za Cape ndizo zilizokuwa jirani. Huko Longwood, nyumba aliyowekwa, mezani kwake pakawa na Constantia mpaka alipofariki 1821. Vita vyake ndivyo vilivyoupa mvinyo wa Cape soko, halafu yeye mwenyewe akamalizia kuwa mteja.

#15 Zebaki

Hiyo ya Napoleon kila chapa inasema alikunywa yao. Konyaki wanasema, shampeni wanasema.

#16 Mosha Vyombo

😂 Kweli, jamaa kama angekunywa vyote anavyosingiziwa asingefika Urusi. Lakini hii ya Saint Helena imesimama. Kisiwa kiko katikati ya Atlantiki, mahitaji mengi yalitoka Cape, na mahesabu ya nyumba yake yalikuwa yanaandikwa na Waingereza waliokuwa wanamchunga.

SEHEMU YA TANO, kuporomoka. Hii naipitia haraka.

1825 ule upendeleo wa ushuru ukapunguzwa. Desemba 1834 utumwa ukafutwa, ingawa watu walishikiliwa miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi, mpaka 1838. 1859 ukaja ukungu mweupe wa majani. 1860 Uingereza ikapatana na Ufaransa mambo ya biashara, mvinyo wa Ufaransa ukaingia kwa ushuru mdogo, Cape ikabaki na mapipa yake. 1885 serikali ya koloni ikainunua Groot Constantia ikawa shamba la majaribio. Mwaka uliofuata filoksera ikagunduliwa Cape, kidudu kidogo jamaa ya vidukari kinachofyonza mizizi mpaka mzabibu unakauka wima. Dawa yake ni kung'oa na kupandikiza upya juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani.

Desemba 1925 nyumba kubwa nayo ikaungua. Unayoiona leo ni marudio.

Ule mvinyo mtamu ukawa umekufa. Karibu miaka mia moja jina lilibaki kwenye vitabu na kwenye pishi za matajiri wachache wa Ulaya waliokuwa na chupa zenye vumbi.

#17 Dereva Tunduma

Mkuu mimi nimebeba mzigo sana Cape, Paarl, Worcester huko. Umesahau dop.

#18 Mosha Vyombo

Sijasahau kaka, nilikuwa naitafutia pa kuiweka. Kwa wasiojua: dop ni kikombe cha mvinyo wa hovyo alichopewa kibarua wa shambani kama sehemu ya ujira, mara kadhaa kwa siku, asubuhi kabla ya jua ikiwemo. Ilianza na watumwa, ikaendelea baada ya uhuru wao. Sheria ilikuja kuikataza lakini mashambani iliendelea hadi miaka ya 1990. Western Cape ni moja ya sehemu zenye watoto wengi zaidi duniani walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni. Ule mzuri ulipanda meli, mabaki yakalipia mishahara.

#19 Dereva Tunduma

Niliwahi kupakia zabibu za mezani shamba moja, mzee mmoja wa pale akaniambia baba yake hakuwahi kuona noti ya Ijumaa nzima. Sehemu alikuwa anainywa kabla haijafika nyumbani.

#20 Mosha Vyombo

Hapo umemaliza.

Na Constantia yenyewe, makaburu walipotunga sheria ya maeneo ya rangi 1950, ikaja kutangazwa ya weupe. Familia za machotara waliokuwa wanalima maua na mboga pale vizazi na vizazi, wengine wajukuu wa watumwa wa mashamba hayohayo, wakahamishwa miaka ya 1960 kupelekwa kwenye mchanga wa Cape Flats. Wajukuu wa akina Swarte Maria.

SEHEMU YA SITA, ufufuo.

1980 Duggie Jooste akanunua Klein Constantia, shamba lililokuwa limeachwa likamezwa na magugu. Akashirikiana na Profesa Chris Orffer wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch na mtengeneza mvinyo Ross Gower. Wakasoma kumbukumbu za zamani, wakachagua muskati ya Frontignan inayoaminika kutokana na mbegu ya kale ya Cape, wakapanda 1982. Mavuno ya kwanza ya huo mvinyo mtamu, Vin de Constance wa kile kichupa changu, 1986, ukaingia sokoni 1990, mwaka Mandela alipotoka gerezani. Vikwazo vikalegea, Ulaya ikafungua milango, na wao wakawa na bidhaa yenye hadithi ya miaka 300. Chupa wakaifinyanga kwa umbo la zile za kale. 2011 shamba likauzwa kwa wawekezaji wa nje.

Groot Constantia nao, ambao tangu 1993 wako chini ya wakfu, wakaleta wa kwao, Grand Constance.

#21 Zebaki

Sasa yupi ni halisi?

#22 Mosha Vyombo

Hapa ndipo nawapenda hawa watu wa matangazo. Klein Constantia ya leo SIYO Klein Constantia ya Colijn. Ya Colijn ilikuja kuitwa De Hoop op Constantia. Hii ya leo ilikatwa kutoka Groot Constantia mwanzoni mwa miaka ya 1820 ili mtoto wa Cloete apate pa kukaa. Kwa hiyo mmoja ana nyumba, mwingine ana mvinyo uliofufuka, na yule aliyeanza kuuza jina, mtoto wa Maria, shamba lake wageni wengi wanapita barabarani bila kuliuliza.

Kama ni mimi, jina ningempa yeye.

#23 Mtu wa Hombolo

Nilisema nitarudi. Dodoma zabibu ilianzishwa na mapadri wa Bihawana miaka ya 1950, nao walitaka divai ya misa. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, Cape mara moja. Mbona jina letu halijafika?

#24 Mosha Vyombo

Mkuu, kuvuna mara mbili ni wingi. Constantia ilijulikana kwa uchache na kwa kuandika jina la shamba kwenye pipa tangu mwanzo. Wakulima wengi wa Dodoma wanauza zabibu kwa kilo, basi. Mwenye kiwanda ndiye anayeweka jina. Lakini hilo lianzishie uzi wake, na mimi nitakuja kukaa mbele.

#25 Bint Mkunazini

Umesema ulienda mpaka huko. Hakuna alama yoyote ya hao watu waliofanya kazi?

#26 Mosha Vyombo

Groot Constantia kuna makumbusho, utumwa wanauzungumzia siku hizi. Lakini kilichonigusa kiko kwingine.

Langoni pa Klein Constantia, kando ya kijito chini ya miti, kuna kramat, kaburi la walii. Amelala Sheikh Abdurahman Matebe Shah, mtawala kutoka Sumatra ambaye VOC walimkamata wakamtupa Cape 1668. Hiyo ni miaka 17 kabla van der Stel hajapewa shamba. Inasimuliwa aliwafundisha dini watumwa wa huko.

Nilivua viatu nikaingia. Kaburi limefunikwa vitambaa vya kung'aa, safi, kuna mtu anavifua. Nje magari ya watalii yanapita kwenda kuonja. Mzee mmoja Mmalei alikuwa anatoka, nikampa salamu, akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga. Akasema, "Tanga kuna bahari?" Nikamwambia ipo. Akasema basi ni ileile.

#27 Mama Chanja

Na kile kichupa mwanangu, unacho?

#28 Mosha Vyombo

Nilirudi nacho Muheza mama. Bi mkubwa wangu alikiona kwenye begi, akakinusa, akakisuuza kwa maji ya moto mara tatu, sasa ametia asali ya nyuki wadogo. Kiko juu ya kabati, na mtu mwenye kikohozi anapewa kijiko.